Chora Mpaka Kwanza

Huku Gusii mtoto huujua mpaka kabla hajajua kujumlisha. Anajua mgomba upi ni wa kwao na upi ni wa baba mdogo, na anajua kwamba ng'ombe akivuka mtaro, jioni kutakuwa na maneno. Si ajabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii, na zaidi ya 670 katika Kaunti ya Nyamira, na wengi wao hula kutokana na vipande vidogo vya ardhi. Hata mji wa Keroka umepitiwa na mstari wa kaunti hizi mbili, na swali la nani akusanye ushuru wa soko limewahi kuzua mvutano mkubwa. Ardhi ikiwa finyu, mstari unaotenga changu na chako huwa jambo la heshima, na mara nyingine la machozi.

Nilipoanza kusomea uhandisi wa mitambo sikudhani kwamba mpaka ungenifuata hadi darasani. Mwalimu aliyetufundisha kukokotoa mkazo na joto alikuwa na desturi moja. Alipita kati ya madawati polepole, mikono nyuma, akasimama kando ya mtu aliyeinamia karatasi iliyojaa namba, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kijana, mpaka wako uko wapi?" Aliyeshindwa kuuonyesha alirudishiwa karatasi yake ikiwa haijasomwa, hata kama jibu lilikuwa sahihi. Ilitupasa kuchora kitu tunachokizungumzia, tukizungushie mstari, tukitenge na ulimwengu wote, ndipo tuandike namba ya kwanza.

Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu leo. Mitambo yenyewe ina wa kuisifu tayari. Nausifu ule ufundi mdogo wa mezani, wa penseli na rula, unaomwezesha kijana wa miaka 19 kutazama ndoano, jiwe, boila au sufuria ya maharagwe na kusema kwa uhakika nini kinaendelea ndani yake.

Tuanze na kituo cha kununulia chai. Kila mkulima wa Nyamira anakijua: kibanda chenye paa la mabati, magunia ya majani mabichi yamepangwa, na mizani inaning'inia kutoka kwenye boriti. Tuseme mzigo mzito kabisa, pamoja na mizani yenyewe, ni kilo 40, na shina la ndoano inayoubeba ni chuma cha duara chenye kipenyo cha milimita 6. Je, kitahimili?

Hapa ndipo mpaka unapoingia. Chukua kisu cha akili, ukate shina la ndoano katikati. Tazama kilicho chini ya mkato peke yake: kipande cha chuma, mizani, gunia. Dunia inakivuta kwenda chini kwa kani ya newtoni 392, yaani kilo 40 mara 9.81. Lakini gunia halianguki. Kwa hiyo pale kwenye mkato lazima kuna kitu kinachokivuta kwenda juu kwa newtoni zilezile 392, wala hapana kingine isipokuwa chuma chenyewe. Eneo la mkato ni milimita za mraba 28 na nukta kadhaa. Gawanya, utapata newtoni 14 kwa kila milimita ya mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kurefuka bila kurudi kwenye hali yake kikifikia newtoni 250 hivi kwa milimita ya mraba. Shina lina nguvu mara 18 ya linalohitaji. Sehemu iliyopinda ya ndoano ina hesabu yake ngumu zaidi, na mkazo wake ni mkubwa kuliko huo. Lakini kwa shina, mkulima na alale salama.

Ukifikiri vizuri, umefanya jambo la ajabu. Kani iliyokuwa imejificha ndani ya chuma, isiyoonekana kwa jicho wala kwa darubini, imejitokeza kwa sababu ulithubutu kukata mahali ambapo msumeno haukupita. Chuma hakikusema kitu. Wewe ulichora mstari, ukauliza nini kinapita kwenye mstari huo, na ukweli ukalazimika kujitokeza. Mfaransa Cauchy ndiye aliyeliweka wazo hili la mkazo katika umbo la kihisabati, katika miaka ya 1820, na tangu hapo kila daraja, kila ndege na kila kitanda cha hospitali hupita kwanza kwenye mkato huo wa akili.

Lugha yetu nayo imeusaidia ufundi huu kuliko tunavyoikiri. Tazama neno *kanieneo*. Waliolitunga waliziunganisha kani na eneo, na hesabu nzima ikawa imekaa ndani ya neno: chukua kani, igawanye kwa eneo. Mwanafunzi anayelijua neno hawezi kuisahau kanuni. *Mkazo* nao unatoka kwenye kukaza, na kila aliyewahi kukaza kamba ya mzigo juu ya pikipiki amekwisha kuuhisi mkononi kabla ya kuuandika. Na lile joto linaloyageuza maji kuwa mvuke bila kuyaongezea hata nyuzi moja, Kiswahili kimeliita *joto fichi*. Ni joto lililojificha kweli. Tutakutana nalo kiwandani.

Kabla ya hapo twende Tabaka, Mugirango Kusini, ambako jiwe la sabuni huchimbwa, likachongwa, likasuguliwa kwa msasa na maji hadi likang'aa. Jiwe la Kisii limesafiri mbali. Kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji kutoka Tabaka, imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mchongaji hahitaji karatasi yangu. Lakini mwanafunzi wa mkazo akienda Tabaka akiwa na macho yaliyofunguliwa, ataona darasa lake lote limechongwa tayari.

Jiwe ni hodari likigandamizwa na ni dhaifu likivutwa. Ukiweka sahani nyembamba ya jiwe juu ya vigingi viwili na kuikandamiza katikati, upande wa juu hugandamizwa na upande wa chini huvutwa. Jiwe litapasukia chini, kwa sababu huko ndiko linakoombwa kufanya lisilolijua. Ndiyo maana tembo wa Tabaka huwa na miguu minene na mkonga uliosogezwa karibu na mwili, na wale wapendanao waliochongwa kutoka jiwe moja hukumbatiana badala ya kunyoosheana mikono. Uzuri huo una sababu ndani yake. Tazama pia pembe za ndani, pale mguu unapokutana na tumbo: mchongaji mzuri huziviringisha. Kona kali hukusanya mkazo mahali pamoja, kama njia ya shamba inavyokusanya maji ya mvua yakachimba bonde. Mwanafunzi hujifunza jambo hilo kwa jina la msongamano wa mkazo na kwa majedwali. Mchongaji amelijifunza kwa vipande vilivyovunjika sakafuni.

Na fundi wa paa analijua la mbao. Chukua mbao ya mbili kwa nne, inayouzwa katika kila duka la mbao kutoka Suneka hadi Nyansiongo. Ilaze bapa, kisha isimamishe kwa ubavu. Ni mbao ileile, uzito uleule, bei ileile. Lakini ikisimama hubeba mara mbili ya mzigo kabla ya kuvunjika, na hupinda robo tu ya inavyopinda ikilazwa. Fundi atakwambia, "Simamisha, isilale." Mwanafunzi atakuonyesha kwamba uimara dhidi ya kuvunjika hufuata mraba wa kina, na ugumu dhidi ya kupinda hufuata kina kwa kipeo cha tatu. Wote wawili wamesema kweli. Tofauti ni kwamba fundi anaijua mbao hii, na mwanafunzi anaijua pia ile ambayo bado haijakatwa.

Sasa tuingie kiwandani. Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore, Nyankoba, Nyansiongo upande wa Nyamira. Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Itumbe upande wa Kisii: kila kiwanda cha chai kina moyo wake, na moyo huo ni boila. Kuni zinaungua, maji yanakuwa mvuke, mvuke unapasha hewa, hewa inakausha chai. Watu wengi hupita kando ya boila wakiwa na hofu kidogo. Hofu hiyo ni halali, na hesabu huigeuza kuwa heshima.

Tuchukue boila la mfano: silinda yenye kipenyo cha mita 2, bamba lake lina unene wa milimita 16, na mvuke ndani yake unasukuma kwa newtoni 1 kwa kila milimita ya mraba zaidi ya hewa ya nje. Likate kwa akili kwa urefu wake, kama unavyopasua ndizi mbivu, kisha tazama kipande chenye urefu wa milimita 1 tu. Mvuke unasukuma juu ya upana wa milimita 2,000, kwa hiyo kani ni newtoni 2,000. Kinachozuia ni kingo mbili za bamba, kila moja milimita 16, jumla milimita za mraba 32. Mkazo ni newtoni 62.5 kwa milimita ya mraba.

Kisha likate upande wa pili, kama unavyokata muwa. Mvuke unasukuma kifuniko cha mwisho kwa kani inayolingana na uzito wa tani 320. Soma tena: tani 320 kwenye kifuniko kimoja. Lakini chuma kinachozuia ni duara zima la bamba, na ukigawanya unapata newtoni 31.25. Ni nusu kamili ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo silinda yenye kanieneo ndani huelekea kupasuka kwa urefu, si kwa kukatika. Ukitaka ushahidi usiohitaji boila, simama jioni kando ya muuza soseji mjini Kisii, uangalie ile iliyozidi kukaangwa. Ngozi yake hupasuka kutoka kichwa hadi mkia. Haikatiki katikati. Kanuni inayomlazimisha mchomeleaji kuuchunga mshono wa urefu wa boila kuliko mshono wa kuzunguka ndiyo inayoipasua soseji ya shilingi chache. Siku nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza, karatasi mbele yangu na harufu ya mafuta puani, nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyokuwa akiizunguka tangu utotoni.

Joto lina ugumu wake, kwa kuwa huwezi kulikata kwa kisu, hata kisu cha akili. Lakini swali la mwalimu ni lilelile. Mpaka wako uko wapi?

Tuanze jikoni. Mama yangu alilalamika miaka yote kwamba maharagwe ya huku huchelewa kuiva, na ndugu yetu aliyefanya kazi Mombasa alimwambia kwamba kule huiva upesi. Tulidhani ni mbegu. Sehemu za juu za Nyamira ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu, na kanieneo yake ni kama kilopaskali 79.5, huku pwani ikiwa 101.3. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa, na hewa ya huku ni nyepesi kusukumwa. Kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Ukiongeza kuni, maji hayapandi. Yanachemka kwa kelele zaidi na kuisha haraka. Maharagwe yanapikwa kwenye nyuzi 93, na hapo ndipo muda unapokwenda.

Kina mama wengi huweka jiwe juu ya kifuniko ili maji yapate moto zaidi. Je, linasaidia? Chora mpaka kuzunguka kifuniko. Sufuria ina kipenyo cha sentimita 24, jiwe ni kilo 5. Uzito wa jiwe ukigawanywa kwa eneo la kifuniko huongeza kilopaskali 1 na kidogo, na hiyo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa theluthi moja tu ya digrii. Ukitaka maharagwe yapikwe kama Mombasa, inabidi kifuniko kikandamizwe kwa kilo 100, yaani mifuko miwili ya saruji juu ya sufuria moja, na kifuniko kisivuje hata kidogo. Usijaribu, sufuria ya kawaida haikutengenezwa kwa hilo. Ile iliyotengenezwa, yenye kufuli na vali, hufanya kazi hiyohiyo ya mifuko miwili kwa usalama. Jiwe la mama lina faida yake: linakifanya kifuniko kikae sawasawa, mvuke usitoroke bure, na kuni zisiishe. Sababu tuliyokuwa tukiitaja ndiyo haikuwa sahihi. Ufundi huu haumdharau mtu wa jikoni. Unamwambia ni kipi katika desturi yake kinachofanya kazi, na kwa kiasi gani.

Kutoka jikoni turudi kiwandani, kwenye hesabu ninayoipenda kuliko zote. Chukua kilo 100 za majani mabichi yaliyo na maji asilimia 76. Kilo 24 ndizo chai. Kilo 76 ni maji. Majani yananyaushwa kwa hewa hadi maji yabaki asilimia 68. Mwanafunzi mwenye haraka atasema ni asilimia 8 tu zilizoondoka, kwa hiyo kilo 8. Mwenye mpaka atasema: kilichokauka hakikuvuka mstari. Kilo 24 bado ni kilo 24, na sasa ni asilimia 32 ya uzito wote. Kwa hiyo uzito wote ni kilo 75, na maji yaliyoondoka ni kilo 25. Kisha mashine ya kukaushia huishusha chai hadi asilimia 3. Kilo 24 sasa ni asilimia 97, uzito wote ni kilo 24.7, na maji yaliyotoka kwenye mashine ni kilo 50 na kidogo. Hapo mkulima anaelewa kwa nini kilo nne za majani zinatoa kilo moja tu ya chai. Hakuna aliyemwibia, ni maji yaliyorudi angani.

Maji hayo hayaondoki bila malipo. Kila kilo moja, kuanzia ubaridi wa asubuhi hadi iwe mvuke, hudai megajouli 2.5 hivi, na sehemu kubwa ni lile joto fichi. Kilo 50 zinadai megajouli 125. Kuni za mkaratusi zilizokaushwa vizuri chini ya banda hutoa kama megajouli 15 kwa kilo. Kama hakuna joto lingepotea, kilo 8 na kidogo zingetosha. Lakini joto hupotea: linapanda na moshi, linavuja kwenye mabomba, linaondoka na hewa yenye unyevu. Tukisema nusu inapotea, tunahitaji kilo 17.

Sasa tia boila kuni mbichi, ambazo nusu ya uzito wake ni maji. Kila kilo hutoa megajouli 8 tu, kwa sababu ni nusu kilo tu ya mti inayoungua, na sehemu ya moto wake inakwenda kuyavukiza maji yaliyo ndani ya kuni zenyewe. Hujikausha kwanza, ndipo zikaushe chai. Kwa chai ileile utachoma kilo 31. Kuna mstari wa mikaratusi unaokatwa bure, na kuna shilingi za mkulima ndani ya mstari huo. Hesabu ya nusu ukurasa imeonyesha kwamba banda la kukaushia kuni ni mtambo, hata kama halina gurudumu wala moto.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sijaona maelezo mafupi zaidi ya kanuni ya kwanza ya thermodainamiki. Chora mpaka, andika kilichoingia, andika kilichotoka. Tofauti yake ni kilichobaki ndani. Nishati haizuki wala haitoweki, kwa hiyo daftari lisipolingana, kosa ni la mwandishi. Na walisema tena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hiyo ni kanuni ya pili. Joto huteremka lenyewe kutoka kwenye moto kwenda kwenye ubaridi, na halipandi lenyewe. Mhandisi wa Kifaransa, Sadi Carnot, alionyesha mwaka 1824 kwamba mteremko huo una kikomo cha kazi unachoweza kutoa. Kati ya mvuke wa nyuzi 180 na hewa ya Nyamira ya nyuzi 20, hata injini iliyo kamilifu kabisa haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 35 ya joto kuwa kazi. Hapo ufundi unatufundisha unyenyekevu. Kuna kinachopotea kwa uzembe wetu, na kuna kinachopotea kwa sheria ya ulimwengu, na mtu mzima ni yule anayejua kuvitofautisha.

Nimesema ufundi huu una mpaka. Una pia mwisho wake, nao ni kuliuliza jibu kama lina akili. Mwaka wangu wa kwanza nilikokotoa bolti ya kushikilia pampu ndogo, nikapata kipenyo cha milimita 190. Hatua zote zilikuwa safi. Mwalimu hakunikaripia. Aliniomba nimwonyeshe kwa mikono unene wa bolti hiyo. Nilipoitanua mikono yangu, nikaona ninashika kitu kinene kama mgomba kwa ajili ya pampu ya kubebwa na mtu mmoja. Niliporudi kwenye karatasi nilikuta nimeandika kilonewtoni mahali pa newtoni. Kani ilikuwa imekua mara 1,000, na kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, kipenyo kilikua mara 32 hivi. Bolti sahihi ilikuwa ya milimita 6. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika namba bila kizio chake, na sijawahi kuliamini jibu ambalo mikono yangu haijalishika.

Kuna watakaosema kwamba leo kompyuta hukokotoa haya yote kwa kufumba na kufumbua. Ni kweli, na nimefurahi kupunguziwa kazi ya kugawanya. Lakini kompyuta hukokotoa ndani ya mpaka iliopewa. Ukiiambia majani yamepoteza kilo 8 za maji, itaendelea mbele na kilo 8 bila haya. Anayejua kwamba ni 25 ni yule aliyekaa na penseli, akachora mstari, akauliza nini kimevuka na nini kimebaki. Nimewaona watu wenye shahada wakishindwa hapo, na nimemwona mwendesha boila aliyeishia darasa la nane akiitazama kuni, akiipima mkononi, na kusema, "Hii bado." Yeye alikuwa mhandisi saa ile.

Ndiyo maana nawasihi walimu wa fizikia na wa ufundi wa Kisii na Nyamira, kuanzia shule za sekondari za vijijini hadi Kisii National Polytechnic: msiwape vijana wetu puli za London na majiko ya nchi wasizoziona pekee. Wapelekeni kituo cha chai wakaikokotoe ndoano. Wapelekeni Tabaka wakaulize kwa nini tembo ana miguu minene. Waombeni waketi jikoni na mama zao wapime sufuria. Maswali yetu yako hapahapa, na yana uzito kuliko ya kitabuni kwa sababu majibu yake yanaliwa, yanauzwa na yanaweza kuua mtu yakikosewa.

Na wewe kijana uliyefungua daftari usiku huu, umechoka, namba zinakukimbia, weka kikokotoo kando kwa dakika moja. Chukua penseli. Chora kitu chenyewe, hata kama hujui kuchora. Kizungushie mstari. Kisha uliza kimoja baada ya kingine: nini kinakisukuma, nini kinakivuta, nini kinaingia, nini kinatoka. Usiruke kitu, wala usiongeze kisichokuwapo. Mpaka ukiuchora kwa haki, mambo yaliyobaki ni kujumlisha tu.